Kabla Kipenga Hakijalia Ellis Park

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie mechi ambayo bado haijachezwa.

Itapigwa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 2026, mjini Johannesburg, katika uwanja wa Ellis Park. Upande mmoja watakuwa Springboks wa Afrika Kusini, jezi za kijani zenye kola ya dhahabu. Upande wa pili All Blacks wa New Zealand, weusi tangu kola hadi soksi. Kombe la Dunia la raga limeshindaniwa mara 10 tangu mwaka 1987, na mara 7 kati ya hizo limebebwa na mmoja wa hawa wawili: Afrika Kusini mara 4, New Zealand mara 3. Mataifa mengine yote ya dunia yamegawana matatu yaliyobaki.

Tena hawakutani mara moja wakaagana. All Blacks wanakuja kwa ziara ya kizamani, ile ambayo timu inahamia nchi ya watu kwa wiki kadhaa na kucheza na klabu za huko kabla na katikati ya mechi za mataifa. Watapimana nguvu na Stormers, Sharks, Bulls na Lions. Mechi za mataifa zenyewe ni nne: hii ya Ellis Park, halafu Cape Town tarehe 29 Agosti, halafu uwanja wa FNB, ubavuni mwa Soweto, tarehe 5 Septemba, na ya mwisho itachezwa Baltimore, Marekani, tarehe 12 Septemba. Ziara ya namna hii All Blacks hawajaifanya Afrika Kusini tangu 1996. Wengi wa vijana watakaovaa jezi siku hiyo walikuwa hawajazaliwa.

Kwa yule ambaye hajawahi kuketi akatazama raga, nitapita haraka. Kila upande una wachezaji 15 uwanjani na 8 benchi. Mpira una umbo la yai. Unaruhusiwa kukimbia nao, na unaruhusiwa kuupiga teke kwenda mbele, lakini ukimpasia mwenzako kwa mkono hauruhusiwi kwenda mbele hata kidogo. Ukiugusisha chini ndani ya eneo la mwisho la wapinzani umefunga trai, alama 5, kisha unapewa mkwaju wa nyongeza wa kupitisha kati ya milingoti, alama 2. Penalti ni alama 3. Mkwaju wa kudunda, ule wa kuangusha mpira chini na kuupiga mara tu unapogusa nyasi, nao ni alama 3. Mechi ni dakika 80. Mengine mtayaelewa kwa kutazama.

Kwenye skramu ningependa tukae kidogo, kwa sababu naamini mechi itaamuliwa hapo. Mtu akifanya kosa dogo, mathalani mpira ukimponyoka ukaenda mbele, refa huamuru skramu. Watu wanane wa kila upande hujifunga pamoja: watatu mstari wa mbele, wawili wakisukuma nyuma yao, wawili ubavuni, mmoja mkiani. Wanane hao kwa jumla wana uzito wa karibu kilo 900. Wanachuchumaa sikio kwa sikio na adui. Refa anaita kwa hatua: inameni, shikaneni, ingieni! Hapo pande mbili zinagongana.

Sasa msitazame vichwa, tazameni miguu. Njumu zinachimba nyasi, magoti yako karibu na ardhi, migongo imenyooka. Kuna mtu mmoja pale, propu wa kulia anayevaa jezi namba 3, ambaye kichwa chake kinaingia katikati ya vichwa viwili vya wapinzani. Yeye ndiye anayebeba msukumo wa watu wawili kwa shingo moja. Akikunja mgongo, skramu inaporomoka, kipenga kinalia, na adui anapewa penalti. Ni alama 3 hizo, au mpira upigwe nje huko mbele karibu na mstari wako na uanze kujitetea upya. Timu iliyosukumwa nyuma mara tatu mfululizo huchoka moyo kabla ya mwili.

Afrika Kusini wameifanya kazi hiyo kuwa elimu. Zamani timu nyingi ziliweka benchi watu watano wa skramu na wakimbiaji watatu. Kwenye Kombe la Dunia la 2019 kule Japani, kocha Rassie Erasmus aliweka sita kwa wawili, akawaingiza kipindi cha pili karibu kwa mkupuo, wakati wapinzani wameshaanza kuhema. Wakabatizwa Kikosi cha Mabomu. Mwaka 2023 wakazidisha: saba kwa mmoja. Walijaribu hivyo kwanza dhidi ya hawa hawa All Blacks, Twickenham jijini London, wakawachapa 35-7. Wakarudia kwenye fainali ya Kombe la Dunia jijini Paris, Oktoba mwaka huo, wakashinda 12-11. Kuna waliolalamika kwamba hivyo si haki. Mimi sioni kosa. Kila timu ina viti vinane, na kila kocha ana akili yake.

Jambo la pili ni hewa. Ellis Park iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. New Zealand wanaishi na kufanya mazoezi kandokando ya bahari. Mpira unaopigwa Johannesburg unakwenda mbali zaidi, na mgeni pumzi inamwisha mapema. Mwaka 2024, uwanja huu huu, All Blacks waliongoza 27-17 hadi robo ya mwisho. Kisha miguu ikawa mizito, Springboks wakafunga trai mbili za haraka, mechi ikaisha 31-27. Lakini msije mkadhani hewa peke yake inatosha. Mwaka 2022 New Zealand waliingia Ellis Park wakiwa wanasemwa vibaya nchini kwao, wakashinda 35-23. Hawa ni watu ambao mpira ukiwaponyoka wapinzani, wao huuokota na ndani ya sekunde kumi wako upande wa pili wa uwanja.

Kabla ya kipenga mtaona haka, ngoma ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. All Blacks wanazo mbili. Ya pili, Kapa o Pango, ilichezwa mara ya kwanza mwaka 2005 mjini Dunedin, na waliosimama mbele yao siku hiyo walikuwa Springboks.

Sasa nifike kwenye kiini cha hadithi yangu. Niliposema Wamaori, nilikuwa ninaelekea huku.

Timu hizi zilikutana kwanza tarehe 13 Agosti 1921, Dunedin, wenyeji wakashinda 13-5. Mechi yao ya tatu mwaka huo ilichezwa Wellington kwenye mvua na matope, ikaisha 0-0. Tangu hapo ushindani ukashika moto. Ila ndani yake kulikuwa na dhuluma. Serikali ya Afrika Kusini haikutaka mtu asiye mweupe acheze na weupe. New Zealand, badala ya kukataa, waliwaacha Wamaori nyumbani: mwaka 1928, mwaka 1949, na tena mwaka 1960, ingawa zaidi ya watu 150,000 walitia saini kupinga. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa kwenda, lakini kwa kupewa hadhi ya kuwa weupe wa heshima. Fikirini mtu ameambiwa hivyo ili tu acheze mpira. Mwafrika wa Afrika Kusini yeye hakuruhusiwa hata kuigusa ile jezi ya kijani.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, watoto wa rika lenu, waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans. Polisi waliwapiga risasi. Mwezi haukuisha, All Blacks wakatua Afrika Kusini kucheza raga. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka huo. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo hayaihusu. Basi nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusa, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo.

Mnajua nani alikosa kukimbia? Filbert Bayi wa Tanzania. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, huko huko New Zealand, Bayi alikimbia mbele tangu mlio wa kwanza wa mbio za mita 1500, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Aliyemfukuza hadi mwisho akashika nafasi ya pili alikuwa John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilisubiri warudiane Montreal. Walker alikimbia bila Bayi, akachukua dhahabu. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa 1972 wa mita 400 kuruka viunzi, hakupata nafasi ya kutetea taji lake. Mike Boit wa Kenya hakukimbia mita 800. Vijana hao walilipa gharama ya mechi za raga ambazo hawakucheza, kwa ajili ya watoto ambao hawakuwajua. Nasema walilipa kwa heshima, na nasema majina yao yatajwe kila Springboks na All Blacks wanapokutana.

Mwaka 1981 ikawa zamu ya Springboks kwenda New Zealand, na huko wananchi wenyewe walikataa. Tarehe 25 Julai mjini Hamilton waandamanaji waling'oa uzio, wakaingia uwanjani na kukaa katikati hadi mechi ikafutwa. Septemba, kwenye mechi ya uwanja wa Eden Park, ndege ndogo ilizunguka juu ikiangusha mifuko ya unga. Mfuko mmoja ulimwangukia propu wa All Blacks, Gary Knight, ukamlaza chini. Alinyanyuka, mechi ikaendelea.

Halafu ikaja 1995. Mandela ametoka kifungoni, ni Rais, na fainali ya Kombe la Dunia inachezwa Ellis Park, tarehe 24 Juni, timu ni hizi hizi. Mandela aliingia uwanjani amevaa jezi ya kijani yenye namba 6 mgongoni, namba ya nahodha Francois Pienaar. Weusi wengi walikuwa wakiichukia jezi ile, na walikuwa na sababu. Kikosini mlikuwa na mchezaji mmoja tu asiye mweupe, Chester Williams. All Blacks walikuwa na Jonah Lomu, jitu la kasi ambalo wiki moja kabla lilikuwa limewafunga Waingereza trai nne. Siku ile Lomu hakupata hata moja. Dakika 80 ziliisha sare, na katika muda wa nyongeza Joel Stransky akapiga mkwaju wa kudunda. Ikawa 15-12, alama zote 15 zikiwa za Stransky. Miezi miwili baadaye, Agosti 1995, wakuu wa raga duniani waliruhusu wachezaji walipwe, na ndipo raga ikawa kazi ya mshahara.

Mtoto mmoja wa mtaa wa Zwide, karibu na Port Elizabeth, wakati huo alikuwa na miaka minne. Alizaliwa tarehe 16 Juni 1991, siku ya kumbukumbu ya Soweto. Jina lake Siya Kolisi. Mwaka 2018 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks katika mechi ya kimataifa, na mechi yake ya kwanza kwa cheo hicho ilichezwa Ellis Park. Jezi yake ni namba 6. Amenyanyua Kombe la Dunia mara mbili.

Mwaka 2025 timu hizi zilipeana za uso. Eden Park, ambako New Zealand hawajafungwa tangu 1994, wenyeji walishinda 24-17. Wiki moja baadaye, Wellington, Springboks wakalipa 43-10, kipigo kikubwa kuliko chochote ambacho All Blacks wamewahi kupata. Kwa hiyo mgeni anakuja na deni moyoni, na mgeni wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Mkitazama, msichoke mapema. Nusu ya kwanza New Zealand wataonekana wepesi, na huenda wakaongoza. Subirini dakika ya 50, benchi la kijani litakapoanza kuvua majaketi, mwangalie yule wa namba 3 na pumzi za wageni. Mimi nawapa Springboks ushindi, kwa tofauti isiyozidi alama saba, na alama za kuamua zitatokana na penalti ya skramu.