Klabu iliyoanzishwa na watu wanne, na vita virefu dhidi ya polio

KILA kampeni ya chanjo inapotangazwa nchini, mhudumu wa afya hubisha hodi akiwa amebeba kijisanduku cha barafu begani. Mtoto hufunguliwa kinywa, hudondoshewa matone mawili, kisha kidole chake hutiwa wino ili wenzake watakaopita wajue kwamba amekwisha kuchanjwa. Shughuli nzima huchukua muda usiozidi dakika mbili, na mhudumu huelekea nyumba ya pili.

Wazazi wengi huamini kwamba kazi hiyo ni ya serikali pekee. Wachache wanafahamu kuwa sehemu ya fedha zinazonunua matone hayo, na zinazomwezesha mhudumu kufika kijijini, hutoka katika mifuko ya mawakili, wahasibu, madaktari, walimu na wafanyabiashara wa kawaida ambao hukutana kila wiki kula chakula na kujadili matatizo ya jamii zao. Hao ni wanachama wa klabu za Rotary.

Rotary si shirika la serikali, si chama cha siasa na wala si dhehebu. Ni muungano wa klabu za watu wanaojitolea, wenye wanachama wapatao milioni 1.2 katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Hata hivyo, watu huzitazama klabu hizi kwa macho tofauti: wapo wanaozisifu kwa ukarimu wao, na wapo wanaoziona kuwa baraza la matajiri. Ili kuupima ukweli, ni muhimu kuelewa zilikotoka na jinsi zinavyofanya kazi.

MWANZO WAKE

Mnamo Februari 23, 1905, wakili Paul Harris aliwaalika wenzake watatu katika ofisi moja mjini Chicago, Marekani. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, wa pili mhandisi wa migodi na wa tatu fundi wa nguo. Harris alikuwa mgeni katika jiji hilo kubwa, na alitamani urafiki wa aina aliyouzoea alipokulia mashambani.

Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama. Mzunguko huo ndio uliozaa jina la Rotary. Haukupita muda kabla ya wanachama kung'amua kwamba urafiki wa kufaidiana kibiashara pekee hautoshi. Mradi wao wa kwanza wa kuhudumia umma ulikuwa wa jambo ambalo wengi huliona dogo: walishinikiza kujengwa kwa vyoo vya umma mjini Chicago.

Mwaka 1917, aliyekuwa rais wa Rotary, Arch Klumph, alipendekeza kuanzishwa kwa hazina ya kudumu ya kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza, uliotoka kwa klabu ya Kansas City mwaka uliofuata, ulikuwa dola 26 na senti 50 tu. Haba na haba hujaza kibaba. Hazina hiyo ndiyo Wakfu wa Rotary wa leo, ambao hutumia mamilioni ya dola kila mwaka.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Klabu ya Rotary ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930, wakati Kenya ilipokuwa bado chini ya utawala wa Mwingereza. Tangu hapo klabu zimeenea katika miji mingi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2003 Jonathan Majiyagbe wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Rotary duniani. Sam Owori wa Uganda aliteuliwa kuiongoza kuanzia mwaka 2018, lakini akafariki Julai 2017 kabla ya kushika hatamu.

Historia hiyo ina doa pia. Kwa zaidi ya miaka 80, wanawake hawakuruhusiwa kujiunga. Klabu ya Duarte, California, ilipowapokea wanawake watatu mwaka 1977, ilifutwa katika orodha ya Rotary. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba wanawake wasizuiwe. Miaka miwili baadaye Rotary ilibadilisha katiba yake, na mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wake.

MRADI HUPATIKANAJE?

Klabu huwa na miradi ya aina mbili. Ya kwanza ni ile midogo ya mtaani, ambayo wanachama huigharimia wenyewe: kupanda miti, kununua madawati, kuandaa kambi ya matibabu ya siku moja. Ya pili ni ile mikubwa inayozishirikisha klabu za nchi mbili au zaidi.

Tuseme shule moja ya msingi katika eneo kame haina maji. Klabu ya karibu haipaswi kukimbilia kuchimba kisima. Kanuni za Wakfu zinaitaka kwanza iketi na wazazi, walimu na viongozi wa eneo hilo, iulize jamii yenyewe inahitaji nini hasa. Huenda ikabainika kuwa kisima kipo, ila pampu iliharibika na hapakuwa na wa kuitengeneza.

Baada ya hapo klabu hutafuta mshirika katika nchi ya kigeni, pengine Ujerumani au Kanada. Klabu zote mbili huchanga, mamlaka zao za wilaya huongeza, kisha Wakfu hutoa nyongeza yake. Ruzuku hii ya kimataifa hutolewa tu kwa miradi ambayo bajeti yake si chini ya dola 30,000. Klabu ya nyumbani husimamia kazi, nayo ya ugenini hufuatilia matumizi. Kila senti hutolewa hesabu, na klabu isiyowasilisha ripoti hujifungia mlango wa kupata ruzuku nyingine.

Utaratibu huu unatokana na funzo chungu. Barani Afrika kuna visima vingi vilivyozinduliwa kwa ngoma na vigelegele, kisha vikageuka vyuma vikuukuu pindi wafadhili walipoondoka. Kwa hivyo jamii hutakiwa kuunda kamati, kuweka akiba ya vipuri na kumfunza fundi wa papo hapo. Mahali ambapo kamati hiyo imekufa, mradi nao hufa, hata kama mamilioni ya pesa yalitumika.

KUTOKA MANILA HADI DADAAB

Mradi mkubwa kuliko yote ulianzia Ufilipino. Mwaka 1979, Rotary ilianza kusaidia kuwachanja watoto wapatao milioni 6 nchini humo dhidi ya polio, ugonjwa unaosababishwa na virusi na ambao hauna tiba. Virusi hivyo huingia mwilini kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili, lakini takriban mmoja kati ya 200 hupooza maisha. Miongoni mwa wanaopooza, kati ya asilimia 5 na 10 hufariki pale misuli ya kupumulia inaposhindwa kufanya kazi.

Matokeo ya Ufilipino yaliitia Rotary moyo. Mwaka 1985 ilianzisha kampeni ya PolioPlus ikilenga kukusanya dola milioni 120. Kufikia 1988 ilikuwa imekusanya dola milioni 247, zaidi ya maradufu. Mwaka huo huo mataifa yaliyokutana chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yaliazimia kuitokomeza polio, na Rotary ikawa mshirika pamoja na WHO, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Baadaye Wakfu wa Gates na muungano wa chanjo wa Gavi ulijiunga nao.

Wakati huo polio ilikuwa katika nchi 125 na iliwapooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka, yaani karibu 1,000 kila siku. Tangu hapo visa vya virusi vya asili vimepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kati ya aina tatu za virusi hivyo, mbili zimetangazwa kutokomezwa: aina ya pili mwaka 2015 na ya tatu mwaka 2019. Iliyosalia ni ya kwanza, ambayo haijawahi kukomeshwa nchini Pakistan na Afghanistan.

Barani Afrika, Nelson Mandela alizindua mwaka 1996 kampeni ya kuifukuza polio kwa ushirikiano na Rotary. Ilichukua miaka 24. Mnamo Agosti 25, 2020, Afrika ilitangazwa kuwa huru kutokana na virusi vya asili vya polio.

Lakini safari hiyo ilikuwa na mabonde. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo baada ya kuenea kwa uvumi kwamba inawafanya wasichana kuwa tasa. Virusi vilivuka mipaka na kufika takriban nchi 20, vikapitia Yemen hadi Somalia. Mwaka 2006 vilibisha hodi Kenya: mtoto wa miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab alipatikana na polio, ikiwa miaka 22 tangu kisa cha mwisho kuripotiwa nchini. Uvumi ulioanzia magharibi mwa bara ukawa umemfikia mtoto aliyekuwa upande wa pili.

Kenya ilishambuliwa tena mwaka 2013, ambapo watu 14 walipooza. Miaka miwili baadaye, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini waliwataka waumini wasusie kampeni hadi chanjo ipimwe, nayo serikali ikasisitiza kwamba ilikuwa salama. Mvutano huo ulionyesha kwamba fedha na dawa pekee hazitoshi. Mzazi akikosa imani, mlango haufunguliwi.

KITENDAWILI CHA MATONE

Wapo wanaouliza: ikiwa Afrika ilitangazwa huru, kampeni za nini tena? Mwaka 2018 virusi viligunduliwa katika majitaka ya Eastleigh, Nairobi, na mwaka 2023 visa vikaripotiwa Garissa.

Jibu limo katika chanjo yenyewe. Matone hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto aliyechanjwa huvitoa kupitia kinyesi, na kwa kawaida hutoweka bila madhara. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo dhaifu huweza kuzunguka kwa miezi mingi, vikabadilika na kurudisha makali yake. Hivyo ndivyo vilivyopatikana Eastleigh na Garissa, na ni vya aina ya pili, ambayo iliondolewa katika matone ya kawaida mwaka 2016.

Kwa hivyo dawa ya tatizo hili si kuwachanja watoto wachache bali wengi zaidi. Wanasayansi nao wameunda matone mapya ya aina ya pili ambayo si rahisi kubadilika, na ambayo yametumika hapa Kenya.

Hapa ndipo mchango wa klabu unapoonekana. Rotary imetoa zaidi ya dola bilioni 2 kwa vita hivi tangu 1985. Kwa miaka mingi, kwa kila dola 1 inayochangishwa na Rotary, Wakfu wa Gates umeongeza dola 2, hadi kiwango cha dola milioni 50 za Rotary kwa mwaka. Fedha hizo hupitia WHO na UNICEF kugharimia chanjo, usafiri, uhamasishaji na uchunguzi wa maabara. Wanachama wenyewe hujitokeza siku za kampeni, na huwakumbusha mawaziri na wabunge ahadi zao.

HATARI YA KUCHOKA

Ugonjwa unaokaribia kuisha una hatari yake: watu huusahau. Kizazi cha wazazi wa leo hakikuwaona watoto wakitambaa vumbini kwa sababu ya polio, na si ajabu wengine wakaona matone kuwa usumbufu. Wafadhili nao huchoka. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujiondoa katika WHO, na mataifa kadhaa tajiri yamepunguza misaada ya afya.

Mapengo hayo hayawezi kuzibwa na michango ya klabu pekee. Wanachama wa Rotary wanaweza kuanzisha, kusukuma na kukumbusha, lakini hawawezi kuchukua nafasi ya serikali yenye wajibu wa kumchanja kila mtoto, kuwapa watu maji safi na kujenga vyoo. Ni jambo la kutafakariwa kwamba mradi wa kwanza wa klabu ya Chicago ulikuwa vyoo vya umma. Zaidi ya karne moja baadaye, uhaba wa vyoo ndio ungali unavipa virusi vya polio njia ya kupita.

Mwananchi wa kawaida pia ana sehemu yake, na haihitaji mtu awe mwanachama wa klabu yoyote. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, apelekwe hospitalini mara moja. Sampuli mbili za choo chake huchukuliwa katika muda wa siku 14 na kupelekwa katika maabara ya taasisi ya KEMRI jijini Nairobi. Kisa kimoja kikigunduliwa mapema huokoa mamia ya watoto.

Na mhudumu mwenye kijisanduku cha barafu akibisha hodi tena, afunguliwe mlango. Matone hayo mawili yamesafiri mbali, na yamegharimiwa na watu wengi ambao hawatawahi kumwona mtoto huyo. Hatua moja tu ndiyo iliyosalia, nayo imo mikononi mwa mzazi.