Mwenye Ghala Hakai Dirishani

Mwisho wa mwezi, muuguzi wa kituo cha afya katika zoni ya afya ya Lubutu hufunga daftari, akajumlisha wagonjwa wa malaria, akina mama waliojifungua na watoto waliochanjwa, kisha akajaza ripoti ya kupelekwa ofisi kuu ya zoni. Tarakimu hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inautumia kukusanyia takwimu za afya kutoka zoni zake 519, zikiwemo 18 za jimbo la Maniema, Lubutu ikiwa mojawapo. Anayeingiza huona fomu tu. Nyuma ya fomu kuna hifadhidata ya PostgreSQL, na tarakimu ya Lubutu hukaa humo kama mstari mmoja katika jedwali liitwalo datavalue. Watu huuliza sana nani ana nywila ya kuifungua fomu. Swali zito zaidi huachwa: jedwali lenyewe ni mali ya nani?

Katika hifadhidata, ruhusa na umiliki ni vitu viwili. Ruhusa hugawika: kwa amri ya GRANT akaunti moja hupewa kusoma, nyingine kuingiza au kurekebisha mistari, na kwa REVOKE hunyang'anywa. Umiliki haugawiki hivyo. Aliyeunda jedwali ndiye mwenyewe. Anaweza kubadili umbo lake au kulifuta lote, na hata akijinyima ruhusa leo, kesho atajirudishia. Ndiyo tofauti ya karani anayetoa magunia dirishani na mwenye ghala anayeweza kulibomoa. Kwa hiyo programu ya wavuti, inayopokea maombi ya watu kutwa kucha, yafaa iwe karani. Umiliki ubaki kwa akaunti nyingine, inayoamshwa siku ya ukarabati tu.

Wapo watakaosema programu ina ulinzi wake, kwani muuguzi hazioni kurasa za msimamizi. Kweli, lakini ulinzi huo unasimamiwa na programu yenyewe; ikidanganywa, umekwisha. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk, Uingereza, ilivamiwa kupitia kurasa za zamani za wavuti: mahali palipongojewa maneno ya kawaida paliandikwa amri za hifadhidata, na programu ikazipeleka ndani bila kushuku. Taarifa za wateja 156,959 zilichukuliwa, na mwaka uliofuata kampuni ikatozwa faini ya pauni 400,000. Hifadhidata ilitii tu, kwa kuwa amri zilifika kwa jina la akaunti inayoaminiwa. Akaunti ikibanwa, amri inayovuka mipaka yake hukataliwa mlangoni. Kosa la programu litabaki, ila hasara itapungua.

Pingamizi zito zaidi ni la mafundi. DHIS2 ikipandishwa toleo hubadili majedwali yake yenyewe inapowashwa, na huunda mengine ya uchambuzi. Ndiyo maana mwongozo wake unaifanya akaunti ya programu kuwa mwenye hifadhidata. Nakubali. Lakini mwongozo huohuo unainyima akaunti hiyo mamlaka ya msimamizi mkuu, na kuwa mwenye ghala si sababu ya kuazimisha ufunguo. Hatari huanza pale chati za ofisini, programu ya mshirika na mtaalamu wa muda wanapoingia wote kwa jina moja. Kila mmoja apewe akaunti yake, ya kusoma tu, tena majedwali anayoyahitaji. Hapo kuna mtego: ruhusa ya majedwali yote ya leo haigusi yatakayoundwa kesho. Ripoti hukwama, na fundi aliyechoka hutoa umiliki ili kazi iende. Dawa ipo, kwani PostgreSQL hukubali kupangiwa mapema ruhusa za majedwali yajayo. Watengenezaji wake wenyewe walikaza kamba mwaka 2022: toleo la 15 liliondoa mazoea ya kila akaunti kuunda majedwali katika uwanja wa wote.

Litasemwa pia kwamba ofisi ina fundi mmoja, na akaunti nyingi ni mzigo. Mzigo huo ni ukurasa mmoja wa amri, unaoandikwa mara moja na kutunzwa. Mzigo mkubwa ni kutafuta nani amefuta nini wakati watu kumi wanatumia jina moja. Isitoshe, Kanuni ya Kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inataka taarifa za watu zilindwe. Muuguzi alitimiza wajibu wake alipofunga daftari. Zamu iliyobaki ni ya anayetunza seva. Ndani ya PostgreSQL aandike amri ya \dt, inayoorodhesha majedwali, asome safu ya mwenye jedwali. Akikuta jina moja linamiliki yote na linatumiwa na wote, kazi ianzie hapo, kabla ya kununua ulinzi mwingine wowote.