Karte ya Visima na Maji ya Kunywa

Mukichota maji munaangalia rangi yake kwanza. « Kisima yangu iko muzuri, naona mpaka chini! » Lakini macho hayaoni vijidudu, wala hayaoni madini. Hapa Kolwezi udongo wetu una shaba na kobalti, penye mengine hata uraniumu, na maji ya chini yanapita katikati ya mawe hayo.

Ndiyo sababu ya kuchora karte (ramani) ya maji. Watu wanapita lupango kwa lupango. Wanaandika kila kisima, kinaenda chini metre ngapi, na choo kiko wapi. Wanachukua maji kidogo katika chupa na kuyapima katika labo. Halafu kila kisima kinapata rangi yake kwenye karte. Inafaa kupima mara mbili, wakati wa jua na wakati wa mvula, kwa maana mvula ikinyesha sana maji ya chini yanapanda na kugusa shimo la choo. Tena maji hayo yanatembea, mara nyingi kufuata mteremko kwenda mtoni. Basi choo cha jirani aliye juu kinaweza kuharibu kisima cha mama aliye chini, hata kama lupango yake ni safi kabisa. Karte inaonyesha hayo bila kugombana.

Sasa musikie vizuri. Kisima chenye vijidudu, mutokoteshe maji yake, mutakunywa. Kisima chenye madini, moto hausaidii kitu! Maji yanapunguka katika sufuria, madini yanabaki yote. Maji hayo ni ya kufulia nguo. Ya kunywa na ya kupikia muchote pengine palipopimwa.

Nitrati, inayotoka kwa vyoo na mbolea, moto hauiondoi vilevile. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema isipite miligramu 50 katika litre moja. Mutoto wa biberon akiipata nyingi, damu yake inashindwa kubeba hewa, midomo inageuka bluu: mukimbie naye hospitali. Mutoto asiyefikisha miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe.

Lakini tusiwekee maji makosa yote. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watoto wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko watoto wa mtaa mwingine. Mavumbi ndiyo waliyoyashitaki. Kwa hiyo mufunike bidon, na sakafu mupanguse na kitambaa chenye maji.

Mwenye kuchimba kisima kipya akiweke metre 30 mbali na choo, upande wa juu.