Anafika Ishirini, Nne Bado Haijui

Mpe mtoto wa miaka mitatu rundo la vizibo vya soda, umwambie avihesabu. Atavigusa kimoja kimoja huku akitaja moja, mbili, tatu, hadi kumi, pengine bila kuruka hata namba moja. Sasa vichanganye tena, umwambie: "Nipe vinne." Wengi wa umri huo hujaza kiganja na kukukabidhi vizibo saba au tisa bila wasiwasi. Uliza kama kweli ni vinne, utajibiwa ndiyo.

Mwaka 1990 mwanasaikolojia Karen Wynn alichapisha matokeo ya jaribio la aina hii, na tangu hapo watafiti wengi wamelirudia. Kinachoonekana ni ngazi. Mtoto huielewa moja kwanza: ukimwomba kimoja anatoa kimoja, ukiomba zaidi ya hapo anachota tu. Miezi inapita, anaielewa mbili. Inapita mingine, anaielewa tatu. Kisha, kwa wengi ni karibu na kutimiza miaka minne, anaishika kanuni yenyewe: namba ya mwisho niliyoitaja ndiyo jumla ya vitu nilivyohesabu. Akifika hapo, nne, tano na sita huja pamoja, hahitaji tena kufundishwa moja moja.

Safari hiyo huweza kuchukua mwaka au zaidi, na kwa kusikiliza tu huwezi kuigundua. Aliye ngazi ya mbili na aliyekwisha kuishika kanuni wanaimba namba kwa sauti ileile. Hapa ndipo ninapopingana na namna tunavyozipima shule za awali. Tunalipigia makofi darasa linalotaja namba hadi mia kwa pamoja, mwalimu akionyesha kwa fimbo ubaoni, tukaamini hesabu imefundishwa. Kilichofundishwa ni mfuatano wa maneno. Mtoto anauhitaji, sikatai, lakini mfuatano peke yake haumwambii nne ni kiasi gani.

Kuhesabu vitu kwa kuvishika mkononi kunasaidia nini, basi? Chukua karatasi yenye picha za mayai saba. Mtoto anaanza vizuri, akifika katikati anasahau lipi ameshalihesabu. Anarudia moja, anaruka jingine, anapata tisa. Mayai ya kuchorwa hayahami. Mpe vizibo, utaona tofauti. Kilichohesabiwa anakisukuma upande huu, kisichohesabiwa kinabaki kule, na kila namba inayotamkwa inakwenda na tendo moja la mkono. Rochel Gelman na C. R. Gallistel, katika kitabu chao cha mwaka 1978 kuhusu watoto na namba, waliutaja ulinganifu huo wa kimoja kwa kimoja kuwa miongoni mwa kanuni za msingi za kuhesabu. Baadaye, vijiti kumi vikifungwa kwa mpira na vitatu vikiachwa pembeni, kumi na tatu inakaa mbele ya mtoto kama inavyotamkwa.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Daktari Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma, Januari 1907, katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo, miongoni mwa zana alizowapa ni silinda za mbao za ukubwa tofauti, kila moja na tundu lake. Mtoto akikosea, mwishoni anabaki na silinda isiyoingia popote. Hakuna mtu aliyemwambia amekosa. Zana imemwambia, na anaanza upya. Montessori alisimulia habari ya msichana wa miaka mitatu hivi aliyeirudia kazi hiyo zaidi ya mara arobaini, wala hakuiacha alipobebwa pamoja na kiti chake akawekwa juu ya meza.

Kujisahihisha kwa namna hiyo hakuhitaji silinda kutoka Italia. Katika kona ya nyumbani ya darasa moja la awali niliwatazama watoto wanne wakijiandaa "kula". Mmoja alitumwa kuleta sahani, yaani vifuu vya nazi vilivyosuguliwa vizuri. Akaleta vitatu. Akagawa, akamfikia wa mwisho, mikono mitupu. Akawatazama wote, akaangalia vifuu, kisha akaenda rafuni na kurudi na kimoja, kimoja tu. Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka pale na hakusema neno hadi wote walipopata, ndipo akauliza, "Mko wangapi? Na sahani ni ngapi?" Namheshimu sana mwalimu anayeweza kunyamaza kwa wakati kama ule.

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa ulianza mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapohapo Pwani, akawa miongoni mwa waliouasisi, akizungumza na wazazi na viongozi wa jamii. Mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Watoto walijifunza dini na lugha yao, huku darasa likipangwa kwa kona na zana za vitu vinavyopatikana mtaani: vifuu, mbegu, makopo, vitambaa. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti kutoka Kenya, Zanzibar na Uganda. Watoto waliosoma shule yoyote ya awali walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa hizo walipiga hatua kubwa zaidi. Kwa hiyo anayeniambia njia hii ni ya shule za ada kubwa, namwonyesha Mombasa.

Ugumu wenyewe uko kwenye idadi. Tanzania imeelekeza mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25, lakini madarasa mengi ya umma yamezidi kiwango hicho kwa mbali. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja akihesabu. Ndiyo sababu nimekaa sana kwenye zana inayojisahihisha. Trei ya mayai iliyokatwa ikabaki na mashimo matano, na mkebe wenye vizibo vitano, vinamwonyesha mtoto mwenyewe kama kuna shimo lililobaki wazi. Vikundi vinne vikishughulika na kazi za namna hiyo, mwalimu anapata nafasi ya kukaa mkekani na kikundi cha tano, kesho kingine. Haitoshi, na serikali inadaiwa walimu, tena wengi. Lakini watoto themanini wenye vizibo wanajifunza hesabu kuliko themanini wanaoitikia ubao.

Watoto wanapojichagulia kazi kwenye kona hizo, uhuru huo usidhaniwe kuwa ni kuwaacha wajiendee. Mwalimu ndiye anayeamua asubuhi kitu gani kikae rafuni na kipi kiondolewe, ndiye anayejua nani yuko ngazi ya tatu na nani ameshavuka. Ni kazi nzito kuliko kuandika namba ubaoni wakanakili.

Wazazi nao wanadai madaftari yaliyojaa, na nawaelewa: baadhi ya shule huwahoji watoto kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na hakuna anayetaka mwanawe aachwe. Ila tukumbuke kwamba mtoto wa miaka minne baadhi ya mifupa ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu, haijawa mfupa kamili. Kufinyanga udongo, kutunga shanga na kuchambua mchele kunauandaa mkono huo kwa penseli kuliko kurasa za 4 zilizojipanga mistari kumi.

Ningependa ripoti ya shule ya awali imweleze mzazi jambo moja la kweli: "Anatoa hadi vitatu bila kukosea, akiombwa vinne bado anachota." Taarifa ya namna hiyo inafanyiwa kazi jioni ileile jikoni. Mtoto atumwe vitunguu vitatu, siku nyingine vinne, avitoe kikapuni kwa mkono wake, na mama asimhesabie.