Boga: Chakula na Akiba ya Nyumba

Boga lajulikana sana mashambani, hata watu wengine hulidharau kwa kuwa hupatikana kwa urahisi. Lakini historia yake ni ndefu, na faida zake ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa.

Asili ya boga ni bara la Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, nchini Mexico, wataalamu walifukua mbegu za maboga yaliyolimwa yapata miaka 10,000 iliyopita, kabla mahindi hayajaanza kulimwa huko. Nyama ya maboga ya mwituni ilikuwa chungu, kwa hiyo yaelekea watu wa kale walizitaka mbegu kwanza. Wakulima walipochagua mbegu za matunda matamu mwaka hata mwaka, uchungu ulitoweka.

Wenyeji wa Amerika waliyapanda maboga pamoja na mahindi na maharagwe. Maharagwe hutambaa juu ya mahindi na kuurutubisha udongo, na majani mapana ya boga huifunika ardhi, yakazuia magugu na kuhifadhi unyevu. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, mbegu zilivuka bahari zikaenea Ulaya, Asia na Afrika.

Sehemu nyingi za mmea huu zina kazi. Majani machanga hupikwa kuwa mboga, au hupondwa pamoja na mahindi na viazi kama wafanyavyo Wakikuyu. Mbegu hukaangwa zikaliwa, na huko Austria hukamuliwa mafuta.

Lakini jambo kubwa lawahusu watoto. Rangi ya chungwa iliyo ndani ya boga yatokana na kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye vitamini hiyo huanza kwa kutoona vema wakati wa magharibi, na mwishowe aweza kupofuka kabisa. Boga lililopondwa na kutiwa mafuta kidogo humfaa mtoto aliyeanza kula, maana mafuta huusaidia mwili kukipokea kitu hicho.

Mwenye kutaka akiba na avune maboga yaliyokomaa, ganda likiwa gumu. Aache kikonyo, asiyatie jeraha, kisha ayaweke mahali pakavu penye hewa. Yakitunzwa hivyo hukaa miezi kadhaa, na nyumba hupata chakula hata ghala ya mahindi ikiwa tupu.