Kiharusi: kabla ya umeme, kwanza picha ya ubongo

Mchimbaji amelala mzima. Asubuhi mkono wa kuume haushike hata kikombe, mdomo umepinda, maneno yanatoka vibaya. Kwetu Fizi na Baraka wengi watasema amelogwa, labda na mwenzake wa shimo. Kumbe ni kiharusi, ile wanganga wanaita AVC: mshipa wa damu kichwani umezibika ao umepasuka, na sehemu moja ya ubongo imekosa damu.

Siku hizi tunasikia kwamba huko ng'ambo wanaamsha mikono iliyopooza kwa umeme. Ni kweli, lakini si kila mkono unaamka. Sababu yake mchimbaji ataielewa haraka.

Tuchukue mfano wa jenereta iliyo juu na pompa ya maji iliyo chini ya shimo. Pompa ikizima, fundi hakimbilii kununua jenereta kubwa zaidi. Anafuata waya kwanza. Kama waya umekatika kabisa, hata jenereta kumi hazitatoa maji. Kama nyuzi kadhaa bado zimeshikamana, kuna la kufanya.

Mwili ni vilevile. Sehemu ya ubongo inayoamuru mkono iko juu kichwani. Nyuzi zake zinashuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Kiharusi kinaweza kuharibu sehemu ile, ao nyuzi, ao vyote viwili. Mashine ya picha inayoitwa IRM inaonyesha nini kimekufa na nini kimebaki. Mgonjwa akijaribu kukunja vidole akiwa ndani ya mashine, picha inaonyesha pia ni wapi ubongo unafanya kazi.

Kampuni moja ya Marekani, Northstar Neuroscience, ilitumia picha za namna hiyo ili kujua pa kuweka kidude cha umeme juu ya ubongo. Majaribio madogo yalileta matumaini. Mwaka 2008, jaribio kubwa lilishindwa: waliopewa umeme pamoja na mazoezi hawakupita sana waliofanya mazoezi peke yake. Watafiti walipochunguza, waliona kwamba katika majaribio ya kwanza umeme ulikuwa unatikisa mkono wa wagonjwa wengi. Katika lile kubwa, wa wachache tu. Kujua mahali pa kuweka umeme hakukutosha. Ilibidi kujua pia kama njia ya kushuka mpaka mkononi ingali nzima.

Tangu hapo kazi imeendelea. Mwaka 2021, katika jaribio la watu 108 huko Uingereza na Marekani, kidude kilichowekwa kifuani kilipeleka umeme kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni kila mgonjwa alipofanya zoezi la mkono. Karibu nusu yao walipata nafuu ya kuonekana, na kwa waliofanya mazoezi bila umeme ilikuwa karibu robo. Mwaka 2023, wanganga wa Cleveland, Marekani, walieleza habari za watu 12 waliowekewa waya ndani kabisa ya ubongo, upande wa kisogoni; tisa walipata nafuu. Kote huko mazoezi hayakuachwa. Umeme unasaidia mazoezi, haushiki nafasi yake.

Kwa hiyo mtu akikuletea kimashine cha umeme akisema kinaponya kupooza, na hajaona picha yoyote ya kichwa, usitoe dhahabu yako. Na usijaribu betri nyumbani, ni hatari.

Kwetu, toka Misisi ao Lubichako mpaka kwenye skana ni safari ndefu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha, juu kama mshipa umepasuka dawa hiyo inaweza kuua. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwetu.

Uso ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito: kumbuka saa, peleka mgonjwa hospitali palepale. Usimpe aspirini. Usimpe chakula wala maji mpaka munganga aone kama anameza vizuri.

Akirudi nyumbani, mkono mlegevu usivutwe, bega linateguka. Mpeni kazi ndogondogo kila siku, mara nyingi: kuokota maharagwe, kushika kijiko, kufungua kifuniko. Ubongo unajifunza kwa kurudia. Mama ao mtoto anaweza kusimamia, na hakuna malipo.

Zaidi ya yote, pimeni tansiyo. Uchunguzi wa Tanzania wa miaka ya 2003 mpaka 2006 ulikuta Dar es Salaam, kila mwaka, viharusi karibu 316 kwa watu 100.000, na vijijini Hai karibu 109. Maradhi haya si ya wazungu tu. Tansiyo ya juu ndiyo chanzo kikubwa, na haiumi: mtu anashuka shimoni ana nguvu, kumbe damu inasukuma vibaya. Nenda kituo cha afya upimwe, punguza chumvi na pombe. Ukiandikiwa dawa, uimeze kila siku, hata siku unajisikia mzima.