Msee Ametoka Jela, Mbona Mtaa Bado Unamfunga?

Kama unaishi Tassia unajua vile habari hutembea. Mtu akitoka ndani asubuhi, kufika jioni keriteka ashajua, mama mboga ashajua, na watoto wa plot washaambiwa wasicheze karibu na ile keja. Flat zenyewe zimebanana hadi ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Utajificha wapi?

Sasa tuulizane ukweli. Korti ilimpa miaka mitatu. Nani alimuongezea hii ingine?

Kuna kitu hapa kinanichekesha na kuniudhi. Sheria ya Magereza ya Kenya, kifungu cha 46, inasema mfungwa akifanya kazi kwa bidii na kuwa na mwenendo mwema anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Si wote, wa maisha na kesi kama za wizi wa mabavu hawamo. Ndio maana msee wa miaka mitatu unamwona mtaani baada ya miwili. Hajatoroka, na hakuna mtu amehongwa. Serikali yenyewe imekubali kwamba huyu alikuwa na mwenendo mwema.

Halafu anatoka kutafuta wera. Akienda kwa kampuni ya askari wa geti, anaitishwa good conduct. Akitaka kuwa konda kwa mat za Outering, beji ya PSV inadai good conduct pia. Analipa 1,050 kwa eCitizen, anachukuliwa alama za vidole, DCI wanaangalia rekodi na ile kesi inajitokeza. Yaani mwenendo mwema uliomtoa gerezani haumfikishi hata kwa mlango wa matatu. Na pengine namba pleti ya hiyo mat aliigonga yeye mwenyewe akiwa Kamiti, juu huko ndiko zimekuwa zikitengenezwa miaka mingi.

Linganisha na wakubwa. Katiba, kifungu cha 99, inamzuia kugombea ubunge mtu aliye chini ya kifungo cha miezi sita au zaidi, na hata huyo hazuiwi mpaka rufaa zake zote ziishe. Akishamaliza kifungo, hicho kipengele hakimguzi tena. Kwa hivyo unaweza kutoka jela ukaomba kura za kutunga sheria, lakini kuita abiria stage ya Tassia ni shida.

Na usiniambie watu hawabadiliki. John Kiriamiti alifungwa miaka 20 mwanzoni mwa miaka ya sabini kwa kesi ya wizi wa mabavu. Akiwa ndani akaandika My Life in Crime, kikatoka 1984, na mwaka huohuo akaachiliwa. Kitabu kilisomwa na wazazi wetu kwa siri chini ya dawati, naye akaendelea kuandika. Lakini Kiriamiti alikuwa na kalamu. Huyu wetu wa Tassia ana cheti cha useremala alichopata gerezani na hana hata pesa ya randa.

Najua kuna mtu anasoma hii na aliwahi kupigwa ngeta usiku akitoka job, simu ikaenda, meno mawili yakaenda. Huyo simwambii asamehe. Ana haki ya kukasirika, na akitaka kuvuka barabara akimwona jamaa, avuke. Pia kuna makosa ambayo tahadhari haina mjadala: aliyenajisi mtoto hafai kupewa kazi ya shule, na ndio maana Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilitaka kuwe na rejista ya waliopatikana na hatia.

Lakini kubeba kokoto kwa mjengo? Kuosha magari? Kwa nini hapo ulize good conduct? Kama unaajiri, uliza alifanya nini, lini, na amekuwa akifanya nini tangu atoke. Mwizi wa kuku wa 2015 hawezi kuwekwa kapu moja na jambazi wa jana. Nayo landilodi akimnyima keja, na fundi akimnyima kazi, ile base ya vijana aliyotoka nayo itampokea siku hiyohiyo, bila fomu, bila alama za vidole.

Kama ni wewe umetoka juzi, pitia ofisi ya probation, maanake kazi yao si ya wenye kesi tu, jina lenyewe la idara lina huduma ya baada ya kifungo. Beba barua ya kuachiliwa na cheti cha ufundi kama ulipata. Na kwa interview usidanganye kuhusu kesi, kwa sababu kwa Tassia keriteka atakuwa ashawaambia.